Tope la Kulipia

Mambo haya ya mbio za matope na vikwazo huanzia kazini, na huletwa na mtu mwembamba. Mwenye kitambi hawezi kukuletea wazo la namna hii. Ni yule anayekula karanga saba mchana na kupanda ngazi ilhali lifti ipo. Anakuja na simu mkononi: "Tunaunda timu, na wewe tumekuhesabu." Tumekuhesabu! Hakuuliza magoti, hakuuliza presha, hakuuliza kama mtu ana watoto wanaomtegemea. Ukija kushtuka, jina liko kwenye orodha, benki imeshakata hela, na Jumamosi moja ya mwezi wa tano unatakiwa uwe kwenye shamba la mtu huko katikati ya Uingereza, utambae chini ya seng'enge kwa hiari yako.

Na Waingereza wana ukongwe wao katika hili. Wamarekani hujitapa kwa Tough Mudder, iliyoanza Pennsylvania mwaka 2010, na Spartan, iliyoanza Vermont mwaka huohuo. Lakini kijiji cha Perton, jirani na Wolverhampton, kilikuwa na mbio za Tough Guy tangu 1987, na zilikuwa zikifanyika Januari. Januari ya Uingereza, jamani! Mwanzilishi wake, Billy Wilson, aliyejiita Mr Mouse, aliwasainisha watu karatasi aliyoiita hati ya kifo. Na watu walisaini, tena kwa foleni. Kwetu ukiletewa karatasi yenye neno hilo, unaanza kwanza kumtafuta shekhe au mchungaji.

Jaribu tu kumweleza mama aliyeko Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona wahema?"

"Nafanya mazoezi, mama. Kuna mbio, tutapita kwenye matope."

"Kwani barabara yenu imeharibika?"

"Hapana mama, matope wameyatengeneza wenyewe. Wamechimba, wakamwagia maji."

"Haya. Na wewe wakulipa ngapi?"

Hapo ni heri mtandao ukatike.

Sasa umeshalipa na hela hairudi, basi tugombane na lile linalowezekana. La kwanza ni umbali. Yule mwembamba atataka kukuingiza kwenye kilomita 16. Kataa. Kwa mara ya kwanza kilomita 5 zinakutosha kabisa. Hao Spartan wenyewe ile fupi ni kilomita 5 na vikwazo 20, ya kati kilomita 10 na vikwazo 25, ile ndefu kilomita 21 na vikwazo 30. Na usipige hesabu ya lami. Anayemaliza kilomita 5 barabarani kwa nusu saa, huku ajipe saa moja na nusu, maana kuna vilima, kuna tope la magotini, na kuna foleni. Ndiyo, foleni! Umelipa hela, umelowa chapachapa, na bado unapanga mstari kusubiri zamu ya kuteseka.

La pili, mazoezi. Kila mtu akisikia "mbio" anakwenda kukimbia. Kimbia, sikukatazi: mara tatu kwa wiki, wiki nane kabla, siku moja iwe ya kilima. Ila kinachomwangusha mgeni si mapafu, ni vidole. Kila utakachokishika siku ile kina tope la mtu aliyetangulia. Chuma kina tope, kamba ina tope, mkono wa mwenzio anayekuvuta una tope. Kwa hiyo tafuta chuma, uning'inie. Hakuna zaidi ya hapo: kuning'inia tu, sekunde 10 hadi 15, mara nne au tano, siku tatu kwa wiki. Kila wiki ongeza sekunde 5. Ukifika 45 bila kutukana, tundika taulo lililoloweshwa juu ya chuma na ushike taulo badala ya chuma. Hapo ndipo utajua una vidole au una mapambo. Na kidole gumba kizungushe upande wa pili wa chuma, usikiache juu pamoja na vingine. Watu wengi huteleza kwa kosa hilo moja.

Tatizo ni kwamba chuma cha bure kipo kwenye uwanja wa watoto. Mtu mzima mwenye kipara, ananing'inia saa kumi jioni, akina mama wanavuta watoto wao taratibu kuelekea getini. Nenda alfajiri.

Kikwazo cha kubeba ndoo ya kokoto, hapo sasa tuna cha kujivunia. Waliokulia kwenye dumu la lita 20 la maji asubuhi kabla ya shule wamefanya mazoezi miaka kumi bila kujua. Lakini wenye mbio ni watu wa inda: kwenye baadhi ya mbio sheria inakataza ndoo kuwekwa begani, na kichwani ndiyo usiulize. Unaikumbatia mbele, chini ya kitovu, mkono mmoja umeshika kifundo cha mkono mwingine, mgongo umenyooka, hatua fupi. Ukiisukuma juu kifuani, utakosa pumzi kabla ya nusu ya safari. Ujuzi wote wa bibi zetu wa kubeba bila kushika, unatupwa hivihivi.

Ukuta wa mita mbili na nusu nao usiurukie kifua mbele mithili ya mwizi anayekimbizwa. Mwenzio aegemee ukuta, akunje magoti kidogo, wewe ukanyage paja lake karibu na nyonga, pale penye mfupa mzito. Ukikanyaga katikati ya paja anaanguka, ukikanyaga goti mnakwenda hospitali wote wawili. Shika ukingo, pitisha kisigino juu, mwili utafuata. Halafu tulia. Wakati wa kupanda watu hujichunga, kushuka ndiko kifundo cha mguu kinakotegukia. Geuka, ning'inia mikono yote ikiwa imenyooka, ndipo uachie, na utue magoti yakiwa yamelegea.

Kamba inapandwa kwa miguu. Ipite nje ya mguu wa kulia, izunguke chini ya wayo, mguu wa kushoto uikanyagie juu ya ule wa kulia. Sasa umesimama. Panda hivyo hivyo, na kushuka usiteleze, maana kamba haina huruma na viganja.

Seng'enge imewekwa chini makusudi, na watu hutambaa kwa magoti mpaka wanachubuka. Pakiwa pana nafasi na ardhi ina mteremko, lala ubavu ubingirike. Utapata kizunguzungu, lakini magoti utarudi nayo nyumbani.

Halafu kuna barafu. Tough Mudder wana kontena lililojaa maji na barafu, katikati pana ubao, lazima uzame upite chini yake. Hapa sina utani. Mwili ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi kali, pumzi inapaa yenyewe na mtu anavuta hewa bila kutaka. Kama kichwa kiko chini, anavuta maji. Ingia kwa miguu, toa pumzi nje polepole, subiri pumzi ikurudie mkononi mwako, ndipo uzame. Na nyaya za umeme nazo zipo, wanakuambia zinafika volti 10,000 ila mkondo wake ni mdogo. Yaani tumetoka nchi ambako umeme unaubembeleza urudi, unakuja ughaibuni kuulipia ukupige. Mwenye shida ya moyo, kifafa, au mjamzito apite pembeni. Kila kikwazo kina pembeni, na hakuna atakayekukamata. Spartan walikuwa na adhabu yao maarufu: ukishindwa kikwazo, unalala chini, unainuka, unaruka, mara 30. Tough Mudder hawajali, maana kwao si mashindano ya saa.

Tuje kwenye mavazi, penye ujinga mwingi. Usivae pamba. Ile fulana ya kampeni uliyopewa bure, inayokaa vizuri wakati wa kufagia uwanja, ikinywa maji inashuka mpaka magotini na inakuvuta shingo kama mtu anayekudai. Vaa poliesta ya kubana. Bukta iwe na kamba ya kukaza kiunoni, tena ukaze kweli, kwa sababu tope huingia juu na halitoki chini. Likishajaa, bukta inatafuta kwenda. Taiti ndefu ndani yake inasaidia magoti. Soksi nyembamba za sufu au nailoni. Glovu acha nyumbani, zikilowa zinateleza kuliko ngozi. Kata kucha. Vua pete, hasa ya ndoa, maana hilo tope likiimeza, maelezo utakayotoa nyumbani hayataaminika. Miwani ifungwe kwa kamba nyuma ya kichwa.

Raba. Watu hununua mpya jana yake, nyeupe, za bei mbaya. Wengine huchukua kuukuu zilizokwisha meno, soli imeshaanza kuaga. Wote wamepotea. Unataka raba za njia za porini, zenye meno marefu chini na kitambaa cha wavu juu ili maji yaingie na kutoka. Zile zinazosifiwa kwamba hazipitishi maji ndizo mbaya zaidi: maji yanaingia kwa juu, yakishaingia hayana pa kutokea, na unabeba bwawa kila mguu. Njumu za chuma usizipeleke, zinachana watu. Raba zako zivae wiki tatu kabla, zizoee kidole chako kidogo. Kamba funga fundo mara mbili, ncha zichomeke ndani. Kuna wanaozungushia selotepu ile ya kijivu. Ikilowa inalegea, inaburura, na mtu wa nyuma anaikanyaga.

Na tope lenyewe lina tabia. Ukikanyaga, linakumbatia mguu pande zote. Ukivuta moja kwa moja juu, chini ya soli hapana hewa, kwa hiyo linanyonya. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo linavyoshika. Kisha unasikia "pwaa", mguu umetoka, soksi inaning'inia, raba imebaki, na shimo linajifunga polepole huku watu wanne nyuma yako wanauliza kwa adabu kama uko sawa. Dawa ni kuutikisa mguu kisigino kwanza, uulaze upande kidogo hewa ipenye, kisha uvute. Hatua fupi. Pita pembeni ambako halijakandwa na watu. Likishashika raba, piga magoti, ingiza mkono mpaka kiwiko, usione haya, kila mtu pale ameshapoteza heshima.

Na mdomo ufungwe. Oktoba 2012 huko Nevada, watu waliokimbia mbio za vikwazo kwenye ranchi ya ng'ombe waliharisha kwa kundi. Vipimo vikaonyesha bakteria anayeitwa Campylobacter, na waliomeza maji ya tope ndio waliopatikana zaidi. Tope la shamba lina mbolea ndani yake, tuelewane. Kuna na leptospira, inayotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, ndiyo ile homa ya mgunda iliyowatisha watu Lindi mwaka 2022. Ukipata homa ndani ya wiki mbili tatu, mwambie daktari ulikuwa matopeni, atacheka lakini ataandika. Chanjo ya pepopunda iangalie kabla. Na yeyote mwenye wazo la kuandaa mbio kama hizi nyumbani, kwenye madimbwi yenye konokono, ajue anawaalika watu kwenye kichocho.

Siku yenyewe, kula saa mbili au tatu kabla: uji na ndizi, mkate na asali. Maharage yasubiri. Fika saa moja na nusu mapema, kwa sababu kuna foleni ya kuegesha gari, ya kusaini kwamba ukifa ni wewe, ya kuweka begi, na ya vyoo vya plastiki, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo hasa kikwazo cha kwanza.

Begi liwe na taulo kuukuu, kandambili, nguo kavu zote. Nimesema zote. Kila mtu anakumbuka sweta, nusu yao wanasahau chupi, wanarudi kilomita 120 wamekaa kiupande. Weka na mifuko mikubwa ya taka mitatu: wa nguo, wa raba, wa kiti cha gari. Ukimaliza wanakuvisha utepe kichwani na kukupa bia. Usiyekunywa omba maji, utapewa, ingawa kwa macho ya huruma. Kisha bomba la baridi, ukiwa umesimama uwanjani na watu mia. Michubuko ioshe kwa sabuni siku hiyohiyo. Kuumwa mwili mzima siku mbili ni kawaida. Mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi, hilo si la kunywea mchaichai, ni misuli imevunjikavunjika na figo ziko hatarini. Hospitali, tena upesi.

Nguo zisuuze nje kwa ndoo mara tatu kabla ya kuzionyesha mashine ya kufulia, la sivyo kichujio kitaziba na mwenye nyumba atakata kwenye amana yako. Wala usimwage tope kwenye sinki. Raba zijaze magazeti, ubadilishe kila baada ya saa chache, usiziweke juu ya hita, gundi itaachia. Masikio utayasafisha wiki nzima. Na yule mwembamba Jumatatu atakuwa amekaa mezani kwake, anakula karanga, anauliza nani ametuma picha kwenye grupu. Unajua kuwa kuanzia Los Angeles 2028 farasi ametolewa kwenye pentathloni ya Olimpiki, ile ya michezo mitano kwa mpigo, na nafasi yake wamepewa vikwazo? Farasi kapumzishwa. Mwembamba anasema hiyo ni habari njema.