Mbaazi zangu na kivuli cha choo

Niliapa kwamba msimu ule hakuna mwizi atakayeonja mbaazi zangu. Mwaka uliotangulia walinivunia mbichi usiku, hapahapa nyuma ya nyumba yangu Nachingwea, wakakaa kuzimenya na maganda wakaniachia mlangoni. Dharau gani hiyo! Nikanunua taa ya kumulika, ile bapa ya mwanga mweupe, nikaifunga juu ya mwembe. Magharibi mpaka alfajiri, uwanja mweupe kama kuna harusi.

Nilipanda Desemba pamoja na wenzangu. Mwishoni mwa Mei za Bibi jirani zikatoa maua ya manjano, nyuki wamejaa. Zangu zimenipita kimo, kijani tupu, hata kitumba hakuna. Mke wangu akalaumu samadi ya mbuzi. Baraza la kahawa likasema nimechezewa. Bibi yeye alichungulia tu uani.

"Mjukuu wangu, kuni hizo unauza lini?"

Nikamwita bwana shamba. Hakugusa jani. Alizunguka nyuma ya choo, nikasikia anacheka peke yake. Nilipomfuata nikaona: pale ukuta wa choo unapokinga taa, mbaazi zimechanua zote, na maua yanakoma panapokoma kivuli, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Choo changu kimejichora shambani kwa manjano!

"Kaka, mbaazi hizi za kienyeji zinapima usiku," akasema. "Usiku ukirefuka zinajua kipupwe kimefika, zinachanua. Wewe umeziambia bado Desemba."

Nikabisha. Huku kwetu mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa kama saa moja na dakika kumi tu. Mimi ninayefunga Ramadhani kila mwaka siioni tofauti hiyo, mbaazi iione? Akaniambia sikuwa wa kwanza kuduwaa. Marekani, watafiti wawili wa kilimo, Garner na Allard, walikuwa na tumbaku iliyorefuka kiangazi kizima bila ua. Walipoiingiza kwenye banda la giza mapema kila jioni, ikachanua. Waliyaandika hayo mwaka 1920. Wao wakapata sifa, mimi nimemaliza luku.

"Basi niwashe kidogo tu, saa sita usiku, nitishie wezi?"

"Ukiukata usiku katikati, mbaazi itaona umeipa usiku mfupi miwili. Zima kabisa."

Sikuzima. Nilipiga hesabu ya bei ya taa, roho ikakataa. Siku tatu baadaye nikaamka alfajiri, giza totoro. Juu ya mwembe zimebaki nyaya mbili zinaning'inia. Mbaazi hawakugusa; wangechukua nini, majani?

Maua yalikuja Agosti, wenzangu wakiwa wameshapiga na kupepeta. Nikaambulia sufuria moja. Mke wangu akaiunga kwa nazi, nami nikampelekea Bibi bakuli. Akaonja, akalamba kidole.

"Tamu. Na yule aliyekuibia taa, umemwekea lake?"