Mbunge ameuliza bungeni, sawa, afu?

Kila mbunge wa huku kwetu Kigoma akisimama Dodoma saa tatu asubuhi kuuliza swali la jimbo lake, mchana klipu ishajaa kwenye magrupu ya WhatsApp na ubishi umeanza, hawa wanasema huyo ndo tuliyemtuma, wale wanasema maswali hayajengi barabara. Wote wana hoja, ila wanaodharau swali nadhani wanakosea zaidi.

Swali la msingi halitungwi pale pale. Linaandikwa, linapelekwa mapema ofisi ya Bunge, linatua wizarani, na hapo kuna kazi ambayo kwenye klipu huioni: wizara inatafuta majibu, simu inapigwa mkoani, mkoa unaisumbua halmashauri, faili lililolala linaamshwa kwa sababu tu swali limekuja. Jibu likishasomwa linaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na linabaki pale. Na hii sio hisani ya waziri, Katiba ibara ya 63 imesema Bunge linaweza kumuuliza Waziri yeyote mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake.

Sasa shida iko hapa. Siku moja nipo mwaloni Kibirizi, redio ya muuza chai inarusha Bunge, naibu waziri anajibu kwamba Serikali itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana. Mama mmoja alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja, wala hakuinua kichwa, akauliza, "Kasema lini?" Tukabaki kimya, maana hakusema.

Lakini naibu waziri aliulizwa nini? "Je, Serikali ina mpango gani." Ukiuliza mpango utapewa mpango, upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, miaka inaenda. Uliza mwaka huu wa fedha zimetengwa shilingi ngapi, mpaka leo zimetoka ngapi, mkandarasi anaingia site mwezi gani, hapo hana pa kujificha, na akizunguka mbunge bado ana maswali mawili ya nyongeza. Hayo mawili ndo ya kumbana, inaniuma sana nikiona mtu anayatumia kupongeza.

Ila tuseme ukweli, swali lina mipaka yake. Zitto Kabwe 2007, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, ishu ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi aliipeleka kwa hoja binafsi, yaani hoja ya mbunge mwenyewe ya kujadiliwa na Bunge zima, akasimamishwa ubunge kwa muda, lakini baadae ikaundwa kamati ya Jaji Bomani ya kupitia mambo ya madini naye akawemo, na 2010 tukapata Sheria ya Madini mpya. Richmond nayo, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, Spika akiwa Samuel Sitta wa Urambo, jirani zetu wa Tabora, ilichunguzwa na kamati teule ya Bunge na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Mambo ya uzito ule ukiyaacha kwenye maswali na majibu yanaishia kwenye "mchakato unaendelea".

Kwa barabara, maji na zahanati swali linatosha, kama mtu anarudi nalo. Uganda wana kamati ya Bunge ya kufuatilia ahadi za serikali. Hapa mbunge anaweza kuanza mwenyewe, asimame na Hansard ya mwaka jana mkononi, waziri ulisema hivi, imekuwaje?

Mimi nimeanza, Hansard zipo kwenye tovuti ya Bunge, unahitaji bando tu. Majibu yote ya jimbo letu nayanakili kwenye kaunta buku na tarehe zake. Mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara nitakuwa nalo.