Miaka 18, na hakuna wa kumwandikia barua

Hapa Uganda, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ni karatasi moja yenye muhuri, na wengi wetu tunaichukua bila kuifikiria. Mwenyekiti anakujua, alimjua baba yako, alikuja kwenu kwenye msiba. Anaandika kwamba wewe ni mkazi wake, unakwenda zako.

Mwaka jana nilikaa barazani kwa mwenyekiti mmoja hapa Bombo pamoja na kijana wa miaka 19 aliyelelewa katika makao ya watoto tangu akiwa mdogo. Alikuwa amepata muzigo Kampala, chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba alitaka barua ya LC ya alikotoka. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole, "Kwenu wapi, mwanangu?" Akataja jina la makao. "Hapo nimesikia. Lakini kwenu?" Kijana akawa anakunja na kukunjua bahasha ya vyeti vyake. Mwenyekiti akanigeukia akasema watoto wa pale huwaona dirishani mwa gari la shule tu, hajui hata mmoja kwa jina. Makao hayako mbali na nyumba yake.

Ndiyo maana kila nikisikia mabishano kuhusu vijana wanaotoka makaoni naona yameanzia pasipo pake. Tunabishana kuhusu pesa: wapewe godoro, sufuria na kodi ya miezi michache waagwe, au waendelee kuhudumiwa baada ya kutimiza miaka 18?

Wanaopinga msaada wa ziada si watu wasio na huruma. Wanasema nchi imejaa vijana maskini, na mtoto wa mkulima wa Nakaseke anaweza kuondoka nyumbani mapema zaidi akiwa na mfuko mtupu. Wanasema pia, na hapa nakubaliana nao kabisa, kwamba makao yaliongezeka kupita kiasi, na kwamba wengi waliomo wana mzazi au ndugu aliye hai. Mwongozo wa serikali wa malezi mbadala wa 2012 unayaweka makao kuwa njia ya mwisho, na Sheria ya Watoto yenyewe haikukusudia mtoto akulie humo: amri ya mahakama ya kumweka mtoto kwenye malezi haizidi miaka 3. Kwa hiyo, wanasema, shilingi iliyopo imrudishe mtoto kwao.

Ni hoja nzuri kwa mtoto wa miaka 6. Kwa aliyekwisha kukulia ndani, umechelewa miaka 12.

Kisha kuna neno linalonikera, kudekeza. Nyumba ngapi hapa Bombo zina kijana wa miaka 23 anayekula kwa mama yake, na anayerudi kulala kila kazi inapokatika? Hatusemi anadekezwa, tunasema yuko kwao. Wa makaoni ndiye tunayetaka ajitegemee siku moja baada ya kutimiza umri, naye alikuwa akila kwa kengele. Hajawahi kupatana bei ya makaa wala kununua tokeni za Yaka za umeme, na hajawahi kuona mtu mzima akipanga bajeti ya mwezi usiotosha. Mambo hayo hayafundishwi kwa semina ya siku mbili kabla ya kuondoka.

Lakini hata hayo anaweza kujifunza kwa kuumia. Lisilojifunzika ni kuwa na mtu wa kukusimamia. Fomu ya kitambulisho cha taifa inauliza majina ya wazazi, ukoo na kijiji cha asili. Ibara ya 11 ya Katiba inamhesabu mtoto aliyeokotwa nchini akiwa hajazidi miaka 5, wazazi wake hawajulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Uraia basi anao, ila fomu bado inataka ukoo. Mpango wa serikali wa maendeleo wa parishi, yaani kundi la vijiji, ulioanzishwa 2022, wenye mkopo wa shilingi milioni 1, unazifuata kaya zinazojulikana katika parishi yao, na yeye si wa kaya yoyote. Mfuko wa serikali wa vijana ulitaka vikundi vya watu 10 hadi 15, na kikundi huundwa na watu waliokua pamoja mtaani. Akikamatwa kwenye msako wa usiku, mahakama itataka wadhamini. Akipata mchumba, siku ya kwanjula, ya kutambulishwa kwa wakwe, nani atasema kwa niaba yake? Kila mlango una mtu anayeuliza wewe ni wa nani, na mtaji haujibu swali hilo.

Uingereza, kwa sheria ya 2017, kijana aliyetoka katika malezi ya serikali anaweza kuwa na mshauri wake hadi miaka 25. Hatuna fedha zile, na wilaya zetu zimezidi 130 huku afisa wa probesheni, wa ustawi wa jamii, akilemewa na kesi za watoto wadogo. Ipo pia hofu ninayoipa uzito, kwamba makao yatageuza msaada huu kuwa sababu ya kuwashikilia watoto muda mrefu zaidi na kuwaombea wafadhili. Basi msaada usipitie kwenye vitanda vya makao. Ufuate kijana aliko, na uanze akiwa na miaka 14: ndugu watafutwe, likizo akalale kwao, Jumamosi atumwe sokoni, ajulikane kwa mwenyekiti kwa jina. Asiyepatikana ndugu, atafutiwe mtu mzima mmoja anayekubali kuandikwa kuwa mtu wake.

Yule kijana wa barazani alipata barua yake. Mwenyekiti alitaka jina la mtu mzima anayemfahamu, naye akataja la mama mlezi aliyempikia miaka mingi, aliyekwisha acha kazi pale na kuhamia Masindi. Namba yake alikuwa nayo kichwani. Mwenyekiti akapiga, akajitambulisha, akamtaja kijana. Mama yule, kabla ya kujibu swali lolote, akauliza kama amekula.