Lukasa na simu: nani anakumbuka?

Juma lililopita simu yangu ilizimika nikiwa kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Mwenye duka akaniazima yake. Nikaishika, nikaitazama, nikamrudishia. Sikuijua namba ya mke wangu: tarakimu kumi tu, na tumeoana miaka kumi na miwili.

Wazee wangenicheka, na wangekuwa na haki. Kaskazini mwetu Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha mti kilichopachikwa shanga na simbi. Watu wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, walikishika mkono wa kushoto, wakakipapasa kwa kidole cha kulia huku wakisimulia nasaba za wafalme na safari za kale. Kibao chenyewe hakikusema neno. Asiyefundwa aliona shanga basi, na hata waliofundwa hawakukisoma kwa namna moja. Lukasa ilimtaka mtu akumbuke. Simu yangu hunituliza: lala, nimekushikia.

Lakini enzi ile siililii. Mbudye kilikuwa chama cha wachache. Wengine walingoja kusimuliwa. Leo mama muuza mboga wa Katuba anageuza dola kuwa faranga kwa simu yake, na mjanja wa hesabu hampunji kirahisi. Huo si uvivu wa akili.

Na wanaosema sayansi imekwisha kutuhukumu, kwamba mashine zinatupokonya kumbukumbu, waende polepole. Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake, huko Marekani, waliandika kwamba swali gumu humfanya mtu awaze kompyuta papo hapo. Mwaka 2018 watafiti wengine walilirudia jaribio hilo, matokeo yale hayakuonekana.

Namba za simu, kwa maoni yangu, ni mzigo mdogo. Zipotee (ingawa siku ile sikuwaza hivyo). Kinachonitisha ni mpwa wangu anayepiga picha zoezi la hesabu, kisha ananakili jibu. Amepata jibu bila kupita njia, na mtihani utamuuliza njia.

Jioni nilibadilisha dola ishirini kwa kambisti wa kando ya barabara. Kikokotoo kilikuwa gotini. Akataja kiasi kabla hajagusa kitufe, akahesabu noti, ndipo akabonyeza na kunigeuzia kioo.

“Hii ni yako, papa,” akasema. “Mimi nimekwisha kuhesabu.”