Muonekano Mpya wa Wikipedia: Msomaji wa Tanga Alipigiwa Kura na Nani?

Januari 18, 2023, Wikipedia ya Kiingereza ilibadilisha sura yake kwenye kompyuta, badiliko kubwa la kwanza la aina hiyo baada ya zaidi ya miaka 10. Muonekano huo mpya unaitwa Vector 2022, na ulishika nafasi ya Vector ya mwaka 2010. Wahariri wengi wa Kiingereza walilalamika, lakini waliotoa sauti iliyosikika mbali zaidi ni wa kwetu. Wikipedia ya Kiswahili nayo ililetewa sura hiyo, na wahariri wake walipiga kura, na kwa kauli moja wakataka sura ya zamani irudi. Hakuna aliyeitetea mpya.

Kauli moja ni jambo zito, kwa hiyo sikubaliani na wanaoipuuza kura ile kwamba ni ubishi wa watu waliozoea mazoea. Sikubaliani pia na wanaoichukulia kama neno la mwisho la wasomaji wa Kiswahili. Nikilitazama jambo lenyewe kutoka hapa Tanga, naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila kila upande ulikuwa ukimsemea mtumiaji wake. Yule anayenihusu mimi hakuwa na wa kumsemea.

Walioleta mabadiliko hawakukurupuka. Wikimedia Foundation, taasisi yenye makao San Francisco inayoendesha Wikipedia, ilianza kazi miaka kadhaa kabla. Wikipedia za Kifaransa, Kiebrania, Kireno na Kibaski zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuujaribu mpangilio huu, tangu mwaka 2020. Mstari wa maandishi ulifupishwa, kwa sababu kwenye skrini pana mstari ulikuwa mrefu mno na jicho likipotea linaporudi upande wa kushoto kuanza mwingine. Yaliyomo, yaani orodha ya sehemu za makala, ambayo zamani yalikaa juu ya makala na kubaki huko ukishateremka, yakahamia pembeni na kumfuata msomaji kokote aendako. Kisanduku cha kutafutia kikaanza kuonyesha picha ndogo na maelezo mafupi mbele ya kila jina. Taasisi ilisema kisanduku hicho kiliongeza utafutaji kwa asilimia 30 kikilinganishwa na kile cha zamani.

Kwetu sisi, badiliko la maana kuliko yote hayo ni la lugha. Zamani orodha ya lugha ilikuwa chini ya safu ya kushoto, baada ya viungo vingi ambavyo msomaji wa kawaida hana habari navyo. Sasa kitufe kiko juu kulia, usawa wa kichwa cha makala, kimeandikwa idadi ya lugha zilizopo. Ukikibonyeza, orodha inatanguliza lugha zinazotumika nchi uliyopo. Aliye Tanzania anakuta Kiswahili pale juu.

Ingia steshenari yoyote ya Ngamiani saa za jioni, pale kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, uone kazi hiyo ina uzito gani. Mwanafunzi wa kidato cha pili amepewa zoezi kuhusu zao la mkonge. Anasimama nyuma ya kiti cha mhudumu, mkononi ana noti ya kulipia kurasa mbili za kuprinti. Mhudumu anaandika neno kwenye Google, anafungua makala ya kwanza inayotokea, na mara nyingi ni ya Kiingereza. Mwanafunzi anataka mambo mawili tu: nani aliuleta mkonge huku, na mwaka gani. Jibu ni Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Makala ya Kiingereza ni ndefu, inaanza na mambo ya botania, na historia iko chini. Hapo yaliyomo yanayokaa pembeni yana faida ya wazi, maana mhudumu anaruka moja kwa moja kwenye historia, na foleni nyuma yake inasogea. Kitufe cha lugha kilicho juu kina faida kubwa zaidi, maana mwanafunzi mwenyewe anaweza kukiona na kusema, "Kaka, hebu bonyeza hapo tuone ya Kiswahili."

Basi kwa nini wahariri wa Kiswahili waliukataa?

Kwanza, fikiria makala zao zenyewe zilivyo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na imeshapita makala elfu 70. Ni kazi kubwa ya watu wachache wasiolipwa, nami nawaheshimu kwa dhati. Lakini nyingi ya makala hizo ni fupi sana, ambazo wenyewe wanaziita mbegu. Tafuta kata yoyote ya Tanga, tuseme Chumbageni au Makorora. Utakuta sentensi inayosema ni kata ya mkoa gani, postikodi yake, idadi ya wakazi kwa sensa, kisha chini jedwali la majina ya kata nyingine za Jiji la Tanga. Mpangilio mpya ulitengenezwa kwa makala ndefu yenye sehemu nyingi. Ukiuvika juu ya makala ya aya moja, pembeni kunabaki weupe mtupu pande zote, yaliyomo hayana cha kuorodhesha, na jedwali lililokuwa limenyooka linabanwa katikati. Mhariri aliyeijenga kata hiyo kwa mikono yake akiona kazi yake imekuwa kama ukurasa uliosahauliwa, ana haki ya kuudhika.

Pili kuna gharama ambayo haionekani ukiwa San Francisco. Kila kitufe kipya, kila menyu mpya, huja na maneno yake, na maneno hayo hutafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia translatewiki.net. Yasipotafsiriwa yanatokea kwa Kiingereza. Lugha yenye maelfu ya wahariri hai hulimaliza hilo haraka. Kiswahili, chenye kundi dogo mno la wahariri ukilinganisha na wingi wa wasemaji wake, hukaa muda na menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Maelezo mafupi yale kwenye kisanduku cha kutafutia yana shida hiyohiyo, kwa kuwa yanatoka Wikidata, hifadhidata dada ya Wikipedia, na huko vitu vingi sana havijaandikiwa maelezo ya Kiswahili. Msomaji wa Kifaransa anaona picha na maelezo. Wa Kiswahili mara nyingi anaona jina tu na nafasi tupu chini yake. Ni zana ileile, lakini kwetu inafanya nusu ya kazi. Hata ile asilimia 30 inataka kusomwa kwa uangalifu: mtu anaweza kutafuta zaidi kwa sababu anapata, na anaweza kutafuta zaidi kwa sababu hapati.

Hadi hapa ningekuwa upande wa wahariri. Kinachonirudisha nyuma ni namna tovuti yenyewe inavyofanya kazi.

Mwenye akaunti Wikipedia anaweza kuingia kwenye mapendekezo yake, yaani mipangilio ya akaunti, na kujichagulia sura anayoitaka, hata ile ya 2010, akakaa nayo. Asiye na akaunti analetewa ile iliyowekwa kwa wote. Maana yake ni kwamba wahariri waliopiga kura ndio watu pekee ambao uamuzi ule haukuwafunga. Kila mmoja wao angeweza kubaki na sura ya zamani kimyakimya. Kura yao ilihusu, kwa kiasi kikubwa, ni sura gani aione mtu asiyepiga kura: mwanafunzi wa Ngamiani, mhudumu wa steshenari, muuguzi wa zamu anayetafuta jina la ugonjwa. Hawa hawana akaunti. Hawajui kwamba kuna ukurasa wa majadiliano wala kwamba kulikuwa na jambo la kupigiwa kura.

Najua wahariri watanijibu, na jibu lao lina nguvu. Watasema mhariri hawezi kutumia sura moja huku wanafunzi wake wakitumia nyingine. Akiendesha mafunzo ya wachangiaji wapya anasema "bonyeza pale kushoto," na pale kushoto pa mgeni hakuna kitu, zana zimehamishwa upande mwingine. Anayefundisha bila malipo, kwa kompyuta za kuazima na intaneti ya kununua kwa bando, kila dakika ya kutafuta kitufe ni hasara. Hilo nalikubali. Na bila wahariri hao hakuna makala, na bila makala sura nzuri ni ya nini?

Hata hivyo nikipima, uzito unaangukia kwa msomaji. Usumbufu wa mhariri ni wa kipindi cha mpito, mikono huzoea na miongozo huandikwa upya. Lugha inayokaa mahali pa wazi ni faida ya kila siku kwa mtu ambaye hatarudi kesho kujifunza mahali ilipofichwa. Ningekuwa na kura, ningekubali sura mpya kwa wasomaji, ila kwa sharti: isiwashwe kwenye lugha yoyote kabla maneno yake hayajatafsiriwa, na tafsiri hiyo igharimiwe na walioleta mabadiliko. Taasisi yenye uwezo wa kupanga upya tovuti inayosomwa katika lugha zaidi ya 300 haiwezi kumwachia mtu wa kujitolea deni la kuitafsiri.

Lakini yote haya tumeyasema kuhusu kompyuta, na hapo ndipo mjadala mzima unaponihuzunisha. Vector ni sura ya kompyuta. Vijana wanaosoma Wikipedia hapa Tanga, ukiwatoa wale wa steshenari, wanaisoma kwenye simu, kwa bando la siku au la wiki. Maktaba ya mkoa ipo mjini, lakini haimfikii mwanafunzi wa Pongwe au Mabokweni kila anapokuwa na swali. Simu inamfikia. Na simu ina sura yake nyingine kabisa, ambayo kura ile haikuigusa. Ugomvi wote wa mistari mirefu na weupe wa pembeni, kwake haupo. Skrini yake ni upana wa vidole vinne.

Kwenye simu hiyo, mlango wa kwenda Kiswahili ni kialama kidogo chini ya kichwa cha makala, chenye herufi ya Kichina na herufi A. Nimewaonyesha vijana kadhaa wa mtaani kwetu kialama hicho nikawauliza ni cha nini. Wapo waliodhani ni cha kubadilisha ukubwa wa maandishi, na mmoja akaniambia ni tangazo la simu za Kichina. Hawa ni watoto wenye akili, wanaofungua simu na kuirekebisha kuliko wazazi wao. Kialama hakisemi chochote kwao. Kwenye kompyuta, kialama hichohicho kimepewa maneno pembeni yake na kimewekwa mahali pa heshima. Kwenye simu, ambako ndiko waliko wasomaji wetu, kimebaki bubu.

Usanifu unaosema unaanzia kwenye mahitaji ya mtumiaji unatakiwa kwanza ujiulize mtumiaji huyo ameshika nini mkononi. Katika matayarisho ya Vector 2022, taasisi ilishirikiana na vikundi vya wachangiaji wa India, Indonesia, Ghana na Argentina, na hilo ni jambo jema. Hatua iliyobaki ni kukaa na wasomaji wasio wachangiaji, kwa Kiswahili, wakiwa na simu zao wenyewe na bando lao wenyewe, na kuwapa swali la kweli la darasani: nani aliuleta mkonge Tanga? Kisha kunyamaza na kuangalia kidole kinakwenda wapi. Wahariri wa Kiswahili ndio wanaofaa kuandaa vikao hivyo, maana wanaijua lugha na wanaijua tovuti, na matokeo yake yangeipa kura yao inayofuata msingi ambao hakuna wa kuupuuza.

Wakati hayo yanapangwa, lipo moja la kufanywa mapema. Tovuti tayari inajua kwamba simu iliyoifungua iko Tanzania, ndiyo maana orodha ya lugha inatanguliza Kiswahili. Basi kialama kile cha simu kiondolewe, na mahali pake liandikwe neno zima: Kiswahili.