Optimus Prime Alivyonasa Mlangoni

Mtoto mdogo hana huruma na mtu anayechezea katuni yake. Mpwa wangu aliagiza kwamba kila atakayekuja kwenye sherehe yake ya kuzaliwa awe mhusika fulani, na mimi nikapangiwa Optimus Prime, lile roboti la katuni ya Transformers linalojigeuza lori. Nikajua ni suala la boksi, rangi nyekundu na buluu, picha mbili tatu, basi. Akanikata maini: "Na ugeuke lori, mjomba. Asiyegeuka siyo yeye."

Sikuwa na la kubisha. Kabla kampuni ya vidoli ya Hasbro ya Marekani haijawapa Transformers majina na visa vyao mwaka 1984, wengi wao walikuwa vidoli vya Takara ya Japani, na baadhi viliendeshwa na kidereva kidogo cha plastiki. Roboti langu mimi lilikuwa na dereva mwenye kitambi.

Kifuani nikachora madirisha mawili ya lori, magurudumu ya kadibodi nikayabandika mapajani, kichwani ndoo ya buluu yenye antena mbili. Kugeuka kulikuwa hivi: napiga magoti, nainama, mikono inaingia ndani ya boksi, kichwa kinazama kifuani kama cha kobe, halafu boksi la mgongoni linashuka kunifunika. Jana yake nilijaribu, nikakunjika vizuri kabisa. Gundi ilikuwa bado mbichi.

Basi nikasimama mlangoni mwa sebule wageni wote waone, nikapiga magoti. Kitu kikalia *kwaa!* Boksi la mgongoni limeshuka, limebana kwenye fremu ya mlango, limekataa kurudi. Mikono iko ndani. Watoto wakashangilia.

"Haya, rudi roboti!"

Kimya.

"Tela lako liko wapi?" akauliza mtoto aliyevaa Sonic, yule nungunungu wa buluu wa michezo ya video.

Nikajibu kutoka ndani ya ndoo kwamba hata kwenye katuni, Optimus akisimama tela lake hupotelea pasipojulikana. Wakanong'onezana, hoja ikapita.

Mario, naye wa michezo ya video, hakuwa na maswali. Tangu 1985 kazi yake ni kurukia migongo ya kasa, na mbele yake kulikuwa na kitu chenye gamba, kimeinama, hakikimbii. Akaruka. Akaona sijafa, akarudia.

Pikachu, kile kinyama cha njano cha Pokémon chenye umeme, naye akaamua kunipiga umeme, yaani kuingiza vidole kwenye dirisha la lori na kunitekenya mbavu. Mkia wake ukawa unapita mbele ya tundu langu la kuchungulia, ncha yake imepakwa wino mweusi ti, bado unang'aa. Jamani, kuna mambo mtu huwezi kuyanyamazia. "Weusi ni wa ncha za masikio!" nikafoka. "Mkiani ni kahawia, tena huku shinani!" Pikachu akaangua kilio.

"Kaka," dada yangu akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "umeziba mlango, na bado unaniliza watoto wa watu?"

Shemeji akaja na kisu cha jikoni kunikata nitoke. Shida ni kwamba shemeji alikuwa amevaa Starscream, roboti wa Decepticon, kundi la maadui wa Optimus. Watoto wakajipanga mbele yangu, mikono wameinyoosha. Mdecepticon mwenye kisu asogee kwa Optimus Prime? Tena yule anayemsaliti hata bosi wake Megatron? Akajaribu kuwabembeleza: "Optimus alishawahi kufa kwenye filamu ya 1986, na bado akarudi." Akazidi kuharibu. Wawili wakaanza kulia papo hapo, maana habari za msiba huo zilikuwa hazijawafikia.

Ikabidi avue mabawa, avue kinyago, akabidhi vyote kwa mpwa wangu, ndipo akaruhusiwa kupita, tena akisindikizwa na Sonic. Akanichana kuanzia kiunoni. Nikatoka nikitambaa, fulana imelowa jasho, ndoo bado iko kichwani, na Mario bado yuko mgongoni.

Mpwa wangu akayazunguka mabaki ya lori, akaokota gurudumu moja, akaligeuza, akaona lilivyoandikwa nyuma "Shika kwa uangalifu". Akaniangalia kitambi, akaangalia mlango.

"Mwakani uwe Soundwave, mjomba. Yule akigeuka ni redio ya kaseti. Tutakuweka tu mezani."