Yupo nyumbani, ila hayumo

Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: po, ko na mo. Aliyepo yuko mahali panapojulikana, aliyeko yuko mahali kwa jumla tu, na aliyemo yuko ndani. Nimevifikiria sana viambishi hivi tangu nyumba yangu ijae vifaa vinavyosikia, kuona na kutuma ujumbe. Mzazi anayesoma arifa huku mtoto anamsimulia yaliyomkuta shuleni yupo sebuleni. Katika masimulizi hayumo. Je, vifaa hivi ndivyo vinavyotutoa ndani ya nyumba zetu wenyewe, au vinatupa nafasi ya kuwamo zaidi?

Wanaovitetea wana hoja nzito. Tazama kichwa cha mtu anayeendesha nyumba. Mlango umefungwa? Pasi imezimwa? Dawa ya saa mbili imenywewa? Nguo bado zimo kwenye mashine? Kazi ya kukumbuka haionekani, haina saa ya kwisha, na humfuata mtu mpaka kitandani. Kufuli linalojifunga lenyewe au taa inayozimika chumba kikibaki kitupu hufuta swali moja katika orodha hiyo. Mark Weiser, mwanasayansi wa kompyuta katika maabara ya Xerox PARC huko California, aliandika mwaka 1991 kwamba teknolojia yenye kina zaidi ni ile inayozama katika maisha ya kila siku hadi isionekane tena. Baadaye yeye na mwenzake John Seely Brown waliita wazo hilo teknolojia tulivu: kifaa kinakaa pembeni mwa fikra zako, kinasogea mbele pale tu kinapohitajika.

Tena, si haki kudai kwamba akili zilikuwa zimetulia kabla vifaa havijaja. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima 2,250, walioulizwa kupitia simu, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa imezurura kwingine. Na watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili ilipozurura. Kutangatanga kwa mawazo ni tabia ya binadamu, na mtu anaweza kukosekana mezani akiwa hana simu wala redio.

Ila kuna tofauti kati ya akili inayotoka yenyewe na akili inayoitwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walionyesha kwamba mlio au mtetemo wa simu, hata usipoisoma arifa, unatosha kumfanya mtu akosee zaidi katika kazi inayodai umakini. Utafiti mwingine maarufu, wa mwaka 2017, ulidai kwamba simu iliyolala kimya mezani nayo inapunguza uwezo wa kufikiri. Huo siuegemei, kwa kuwa baadhi ya waliourudia hawakupata matokeo yaleyale. Hoja ya mlio peke yake inatosha.

Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapohesabu vifaa. Kilicho muhimu ni nani anayeanza. Taa inangoja, kengele inaita. Tatizo ni kwamba kifaa kilichozaliwa kuwa cha kungoja hugeuzwa kuwa cha kuita. Kufuli linakuja na programu, programu inakuja na arifa: mlango umefungwa, mlango umefunguliwa, betri inakaribia kwisha, kuna toleo jipya. Swali lililofutwa kichwani linarudi kupitia simu, safari hii likiwa na sauti. Mtengenezaji anayetegemea malipo ya kila mwezi ana sababu ya kutaka umkumbuke kila siku. Na mara nyingi mtu mmoja ndani ya nyumba ndiye anayebaki na nywila, betri na masasisho yote. Orodha yake haijapungua, imebadilika sura tu.

Kamera ndiyo iliyonifundisha zaidi. Niliifunga sebuleni, juu ya kabati, ili nitulie nikiwa kazini. Juma la kwanza nilitulia kweli. Kisha nikaanza kuifungua kwenye simu katikati ya vikao, bila sababu, nitazame kochi. Jioni nikikaa kwenye kochi lenyewe, najibu ujumbe wa kazini. Mchana nilikuwapo kazini, akili iko nyumbani. Usiku nilikuwapo nyumbani, akili iko kazini. Sikuwamo popote. Siku moja nikaona kwenye rekodi mwanangu akiinua macho kuitazama kamera kabla hajaruka juu ya kochi. Alikuwa amejifunza kwamba mzazi ni jicho lililo juu ya kabati. Jicho hilo linamwona, lakini halicheki naye wala halimjibu.

Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alifanya jaribio ambalo sasa linajulikana sana. Mama alicheza na mtoto mchanga, kisha akaukausha uso, akamtazama bila kuitikia chochote. Mtoto alijaribu kila mbinu ya kumrudisha, kisha akageuza uso kwa dhiki. Mama yule hakuwa na simu, na uso ulioinamia simu si sawa kabisa na ule. Hata hivyo jaribio linathibitisha jambo ambalo kamera yangu haingeweza kulitimiza: mtoto anatafuta kuitikiwa, na kuonwa peke yake hakumtoshi.

Lakini nikisema tuvitupe vifaa nitamdhulumu mtu. Kwa asiyeona, au asiyeweza kunyanyuka kitandani, kuwasha taa kwa sauti yake kunamrudishia nyumba yake. Hangoji tena mtu apite ndipo aombe. Mzazi aliye safarini anayemwona mtoto kwa video wakati wa kulala, wakacheka pamoja, yumo zaidi ya yule aliye chumba cha pili akipitisha kidole kwenye kioo cha simu. Hapo kifaa kinabeba jibu kutoka pande zote mbili, na ndiyo sababu kinafanya kazi ambayo kamera ya kuchungulia haiwezi.

Nyumbani kwetu tuliketi sote, mtoto akiwamo, tukaamua ni arifa zipi zibaki. Tuliacha ya moshi na ya maji yanayovuja. Nyingine zote tukazizima, na kama betri ya kufuli itakwisha ghafla siku moja, tutatumia ufunguo. Kamera imehamia nje, inatazama lango. Juma la kwanza mkono wangu uliendelea kutafuta simu kila kikao kilipokuwa kirefu. Mwanangu naye aliendelea kuinua macho juu ya kabati kwa siku kadhaa, kisha akaacha. Sasa anaruka kwenye kochi bila kuangalia kokote, na akianguka analia akiniita mimi.